Mpaka Ulio Chini ya Lava

Chã das Caldeiras, kisiwa cha Fogo

22 Juni

Daftari hili nimeliokota chini ya kitanda cha chumba cha tatu. Aliyeliacha ni mgeni Mjerumani, na aliandika ukurasa mmoja tu: "Kisiwa cha mvinyo na utulivu. Watu hapa hawana haraka." Kesho yake akapanda Mlima, akateguka kifundo cha mguu, akarudishwa kwao. Ukurasa wake sijauchana. Mtu akikusifia kwenu, mwache.

Mvua hakuna. Ukungu umemwagika ukingoni mwa kreta asubuhi, ukapanda tena bila kutuachia hata tone.

24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Binamu yangu Mena alipiga simu kutoka Brockton, Marekani. Shangazi Liseta akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Hana siri huyu, ana maoni tu.

"Mama, tiketi ninayo. Utakaa mpaka lini juu ya moto?"

"Mpaka upoe."

"Baridi yabisi itakumaliza."

"Baridi yabisi? Kwenye sakafu hii? Mwanangu, ungeniambia samaki ana kiu ningekuelewa."

Niandike vizuri habari ya sakafu, maana ndiyo chanzo cha yote. Mwaka wa tatu sasa tangu Mlima utapike na kuzika kijiji. Tulipewa nyumba za mabati kule chini. Shangazi alikaa siku arobaini, akasema kuta zile hazimjui, akarudi huku na koleo begani. Akajenga palepale ilipokuwa nyumba yake, ila mita sita juu yake, kwa kuwa ile ya kwanza imo ndani ya lava. Nilimsihi tungoje lava ipoe. "Nina miaka sabini na moja," akaniambia. "Kati yangu na hili jiwe, nani atapoa kwanza?" Basi tuna nyumba ya vyumba vinne vya wageni, na sakafu ambayo mkate unaumuka juu yake kwa nusu saa. Paka wetu hulala juu ya kabati.

Leo wamefikia mapatano, mama na binti. Zabibu zimeiva, na hii ni mara ya kwanza kukamua tangu mwaka wa moto. Mvinyo ukiwa mvinyo, shangazi anabaki na Mena hatataja ndege tena. Ukiwa siki, shangazi anapanda ndege.

"Na nani ataonja?" Mena akauliza. "Wewe hata siki utaiita asali."

"Aonje umtakaye."

"Aonje Nho Pidrinho."

Shangazi aliitazama ile simu kama imemtemea mate, maana mzee huyo jirani ndiye hasimu wake. Kisha akasema, "Sawa." Neno moja.

25 Juni

Jambo nililoliacha jana. Shangazi alipokwenda kulisha mbuzi, Mena aliniambia: "Tino, mama akija huku, vyumba ni vyako. Nisaidie kumshawishi." Nikamjibu kwamba nitaona. Daftari halina mdomo, ndiyo maana naliandika hapa: niliviona vyumba vinne, vyote vyangu, na kibao chenye jina langu mlangoni, kwa rangi ya buluu.

29 Juni

Jua. Nimewapandisha Wafaransa watatu Mlimani, nikawashusha watatu.

1 Julai

Amefika Dona Graça, mwalimu mstaafu wa Lisbon, kwa siku tatu za mapumziko. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu, akafumba macho. "Magoti yangu!" akasema. "Kwetu matajiri tu ndio wenye sakafu ya hivi."

"Waambie inaletwa na mlima," shangazi akamjibu, "na mlima huchukua nyumba kwanza."

4 Julai

Tumevuna. Mizabibu ya shangazi iliyosalia ni ile ya chini ya ukuta wa mlima, imelala juu ya majivu meusi kama mbuzi waliochoka. Kwa desturi yetu, siku ya mavuno hakuna jirani anayekataa, hata aliye na ugomvi. Kwa hiyo Nho Pidrinho alikuja na kisu chake, akakata mstari mzima, na kila kishada alikitukana.

"Hizi ni zabibu au kinyesi cha sungura?"

"Ni zile zinazokushinda wewe kila mwaka."

"Mwaka gani? Nitajie!"

Na ugomvi wao? Unahusu mpaka. Kati ya mashamba yao palikuwa na mtini, na mtini ndio uliokuwa alama. Shangazi anasema ulikuwa kushoto kwa pango, hivyo pango ni lake. Nho Pidrinho anasema ulikuwa kulia, hivyo pango ni lake. Walianza kubishana mtini ukiwa hai. Sasa umo chini ya lava, na mashamba yote mawili pamoja nao. Kilichobaki juu ni lile pango tu, kwenye lava ya kale ambayo moto huu haukuifikia. Wanagombea ardhi ambayo hawawezi kuiona wala kuilima, na hakuna siku waliyopumzika. Nilikuwa nawaona wendawazimu.

5 Julai

Tumekanyaga zabibu, maji yake tumeyatia pipani. Pipa hili lina umri kunishinda. Siku ya moto watu walikimbia na magodoro, shangazi akakimbia na pipa. Alipoulizwa akasema, "Godoro linauzwa mjini. Pipa lililokunywa mvinyo miaka hamsini linauzwa wapi?"

Tumeliweka chumba cha nyuma. Dona Graça ameomba siku tatu nyingine.

7 Julai

Pipa linaimba: zabibu zimeanza kugeuka mvinyo. Shangazi amefurahi.

8 Julai

Pipa linapiga kelele. Shangazi amefurahi kidogo.

9 Julai

Nimeamka na harufu. Si mbaya, ila imewahi. Ni kama mtoto wa miaka sita anayeota ndevu. Nilipoingia chumba cha nyuma nilimkuta Dona Graça amesimama pekupeku, kiganja chake juu ya pipa.

"Baba yangu alikuwa na mizabibu," akasema. "Bwana Quintino, hili linachemka. Sakafu inalipika. Kesho kutwa mtakuwa na siki ya kulisha nchi nzima."

Niligusa. Pipa lilikuwa la moto kama paja la mwenye homa.

Sasa niandike kweli. Nilisimama pale muda wa kuweza kula yai. Sikuhitaji kufanya ubaya wowote. Ilitosha kufunga mlango, kumwambia mwalimu kwamba mambo ya hapa huenda hivyo, na kupandisha wageni mlimani. Ningerudi jioni mwenye vyumba vinne. Hata rangi ya kibao niliiona tena. Kisha nikaona kitu kingine: shangazi kule Brockton, kwenye ghorofa ya nne, akitazama chini kupitia dirishani na kukuta nyasi. Nyasi za kijani, hazina kazi yoyote. Nikaenda kumwita.

Aliweka kiganja juu ya pipa na hakukiondoa upesi kama sisi.

"Nilijenga mapema," akasema.

Nina miaka hamsini na miwili, na ni mara ya kwanza kumsikia akikiri kosa. Nilitaka kuketi, lakini sakafu ile haikaliki.

"Wapi kuna baridi?" akauliza, na jibu alikuwa nalo. Watu wa Chã nzima wanalijua. Pango lile linapumua ubaridi mwaka mzima.

"Hapana," akasema mwenyewe. Kisha akafunga kitambaa kichwani. "Ita watu."

Walikuja kumi na mmoja. Tuliyatoa maji ya zabibu pipani, tukayatia kwenye madumu. Pipa tupu likabebwa na wanaume wanne juu ya miti miwili, na sisi wengine tukafuata na madumu juu ya lava ile yenye meno. Dona Graça alibeba birika, na sandali zake ziliisha njiani.

Nho Pidrinho alikuwa ameketi mbele ya pango, kwenye kiti chake cha kamba. Huketi pale kila siku kulilinda.

"Mnazika nani?" akauliza alipoliona pipa.

"Napeleka pipa langu pangoni kwangu," shangazi akasema.

"Pangoni kwako! Hapo ulipo umekwisha kuingia kwangu hatua tisa."

"Mtini ulikuwa kushoto."

"Kulia! Mpaka marehemu mumeo alijua ulikuwa kulia, ila alikuogopa!"

"Mume wangu hakuogopa kitu."

"Alikuogopa wewe, na alikuwa na akili!"

Wabebaji wakaliweka pipa chini. Mmoja akaketi juu ya mti na kuwasha sigara, maana mabishano haya huchukua muda, sote tunayajua kama sala. Jua lilikuwa limesimama utosini. Madumu yalikuwa yanatoa povu kwenye vifuniko.

"Mabwana na mabibi," Dona Graça akasema kwa sauti ya darasani, "huku mvinyo unakufa."

Nho Pidrinho akainuka. Akafungua dumu moja, akainama, akanusa. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Liseta. Umeupika."

"Najua."

Neno lile lilimgharimu zaidi ya nyumba aliyoijenga. Mzee aliliona hilo. Alimtazama, akalitazama pipa, akaitazama Bordeira juu yetu kana kwamba ukuta ule wa mlima utamshauri. Kisha akakisogeza kiti chake kando.

"Nisikilizeni, mashahidi mpo. Pango ni langu. Lakini pipa hili ni mgeni, na mgeni haulizwi habari za mipaka."

"Pango ni langu," shangazi akasema, "na mtu hawi mgeni nyumbani kwa mama yake. Lakini wewe nakuruhusu ukae mlangoni, kwa kuwa umeshaleta kiti."

"Nakubali kukaa mlangoni kwangu."

"Kaa mlangoni kwangu."

Pipa likaingia. Tulilijaza tena, na ubaridi ukatupiga usoni kama kitambaa cha maji. Nho Pidrinho akatoa mkate na jibini ya mbuzi mfukoni, akaviweka juu ya pipa, kama tunavyomfanyia yeyote anayefika.

"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe."

"Huyu atakaa siku sitini," shangazi akamjibu. "Zoea."

10 Julai

Shangazi amepeleka kiti chake pangoni. Sasa viko viwili, kimoja huku na kimoja huku, mdomo wa pango katikati.

12 Julai

Wameanza kubishana juu ya nani alizaliwa kwanza.

20 Julai

Hakuna mvua. Kisima chetu kimebaki na tope. Mahindi hatujayapanda. Dona Graça ameandikia nyumbani kwamba magoti yake bado yanahitaji matibabu.

3 Agosti

Shangazi alikwenda mjini São Filipe kwa daktari wa macho. Nilipopita karibu na pango sikumwona Nho Pidrinho kitini. Nikasikia kitu ndani. Nikawaza: huyo! Shangazi akiondoka, mzee atabaki na pango peke yake, hana wa kumpinga. Kazi ni ndogo tu, kifuniko kikiachwa wazi alasiri moja inatosha. Nilinyata na jiwe mkononi. Nilitaka kulitumia vipi, sijui.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa. Alikuwa amelivisha magunia, na anayamwagia maji kwa kikombe, polepole, kama anayemwogesha mgonjwa. Maji ya kisima chake, mwaka huu ambao sote tunakunywa tope.

"Weka jiwe chini, Tino," akasema bila kugeuka. "Unapumua kama punda."

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu alipofika mgeni. Lilikuwa bado na homa." Akamwaga kikombe kingine. "Ukimwambia, nitakufungulia mbwa."

"Lakini Nho Pidrinho, akienda Marekani pango ni lako."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Nimebishana na yule mwanamke miaka arobaini. Wewe ulishawahi kubishana na mtu hodari? Hujawahi, wewe unakubali kila kitu. Huku juu nimebaki na nani? Ukiwasukuma kidogo wanasema, 'Ni kweli, Nho Pidrinho, samahani, Nho Pidrinho.' Pango langu mwenyewe, bila mtu wa kuniambia si langu, nilifanyie nini?"

Nikaliweka jiwe chini. Alikuwa amesema kweli, nakubali kila kitu.

4 Agosti

Nimepata wasiwasi mwingine. Ikiwa mzee hataki aondoke, ataonja na kusema uongo. Nilimuuliza shangazi kwa kuzunguka: itakuwaje muonjaji akikuonea huruma?

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Akinidanganya nitajua kabla hajameza. Na nitapanda ndege hiyohiyo, kwa miguu yangu. Sitakaa hapa kwa sadaka ya Pidrinho."

Nilifikiri shida ni pipa tu. Kumbe na mzee naye amewekwa kwenye mizani.

17 Agosti

Mvua! Nyumba yetu yote inatoa mvuke kama chungu cha katxupa, kande za kwetu. Wageni wawili wa Uhispania wametoka mbio na mabegi wakidhani Mlima umeanza tena. Shangazi alisimama uani, amelowa mpaka mifupani, akiuambia Mlima, "Unaona? Unaona?" Alikuwa anauonyesha nini sijui, lakini nilisimama karibu naye, na mimi nikauonyesha.

Tumepanda mahindi kwenye mifuko ya majivu kati ya lava. Nho Pidrinho alipita akasema tumepanda karibu mno.

30 Agosti

Dona Graça ameondoka, baada ya siku tatu zilizokuwa sitini. Amelia. Amebeba kipande cha lava, na forodhani watakichukua.

5 Septemba

Mena amefika. Ametelemka kwenye gari na viatu vyeupe, akakuta kijiji alichozaliwa ni jiwe jeusi kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuwa ameona picha, lakini picha haina harufu. Kisha akauliza, "Shule ilikuwa wapi?" Shangazi akamwonyesha chini ya miguu yake.

Wamekula djagacida ya mahindi na maharage, pamoja na mbuzi, wakalala mapema. Hakuna aliyetaja kesho.

6 Septemba

Asubuhi, pangoni. Shangazi alivaa gauni la kanisani. Nho Pidrinho alikuwa amenyoa, nalo si jambo dogo. Wale kumi na mmoja waliobeba madumu walikuja wote bila kuitwa, wakapanga foleni kando ya lava kama watu waliopita kwa bahati.

Nilichomoa kizibo, nikajaza vikombe viwili. Kimoja kwa mzee, kimoja kwa shangazi, kwa kuwa alisema atakunywa pamoja naye na kumtazama machoni.

Nho Pidrinho alikinyanyua kikombe kwenye mwanga. Akanusa. Akatia mdomoni, akauzungusha mvinyo shavu hili na shavu lile, macho amefumba. Mena alikuwa ameukamata mkono wangu, na kucha zake ni ndefu.

Akameza.

"Una kovu," akasema.

Shangazi hakutikisika.

"Siku nne za joto zimo humu. Mwanzo wake umeungua, na anayejua mvinyo atauonja, leo na hata baada ya miaka kumi. Umejenga mapema, Liseta, na pipa limeandika." Akanywa tena, funda refu. "Lakini huu si siki. Hata kidogo. Umeungua, na haukufa. Ni mvinyo, na ni wa hapa. Kule chini hawawezi kuutengeneza hata wakitaka, maana hawana ujinga wa kutosha."

Shangazi akanywa chake. Alikaa nao mdomoni muda mrefu kuliko mzee. Sote tulikuwa tunamtazama, kwa kuwa hukumu ya pili ilikuwa hii.

"Kweli," akasema. "Una kovu."

Basi. Mzee hakudanganya. Watu kumi na mmoja wakaanza kusema kwa pamoja. Mena alitazama kikombe cha mama yake, akakichukua, akakimaliza, akaniletea nijaze tena. Hakusema neno la ndege, na hata macho yake hayakulisema.

"Na mtini," Nho Pidrinho akasema huku akirudi kitini, "ulikuwa kulia."

"Kushoto," shangazi akasema, naye akiketi chake.

"Kulia! Mwulize huyo binti yako, si alikuwa anaupanda kila siku? Haya Mena, sema! Mtini ulikuwa upande gani?"

Nami sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote hii shahidi alikuwa Brockton. Wazee wawili walimgeukia, na nilikuwa karibu vya kutosha kuwaona: wote wawili, mahasimu wa miaka arobaini, walikuwa wamezuia pumzi, na hakuna kati yao aliyekuwa na uso wa mtu anayetaka kushinda.

Mena alimtazama mama yake. Akamtazama mzee. Akavitazama viti viwili na mdomo wa pango katikati.

"Sikumbuki," akasema.

"Marekani imemla kichwa!" Nho Pidrinho akapiga paja kwa furaha.

"Kichwa chake kizima, ila wewe umemchanganya!" shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa changa.

Tuliwaacha pale. Njiani, juu ya lava, Mena alivua viatu vyeupe akavishika mkononi, akaninong'oneza mtini ulikuwa upande gani. Nilimwambia najua, nami niliupanda. Tukacheka mpaka akakaa chini, akainuka upesi kwa sababu ya joto.

7 Septemba

Mena analala chumba cha tatu na analalamika kwamba sakafu inamuunguza. Nimechonga kibao. Nimekipaka rangi ya buluu, nikaandika LISETA, nikakipigilia mlangoni. Shangazi amesema herufi zimepinda.

Upande wa mtini siuandiki, hata humu. Kisiwani hapa madaftari huachwa chini ya vitanda.